Shule Baada ya Kengele ya Mwisho: Mwongozo kwa Kamati ya Shule ya Msingi Inayotaka Kuhudumia Mtaa

Katika kata nyingi za Tanzania, jengo kubwa kuliko yote ni shule ya msingi. Ina vyumba, ina uwanja, ina vyoo, mara nyingi ina bomba au kisima, na ikifika alasiri inapigwa kufuli mpaka kesho. Nje ya uzio yuko mama anayempa jirani simu amsomee ujumbe wa M-Pesa, na jirani huyo sasa anajua salio lake lote. Yuko mtoto wa miezi tisa anayedaiwa chanjo ya surua na zahanati iko mbali. Kiko kikundi cha vikoba kinachokutania chini ya mwembe, mvua ikinyesha kinaahirisha.

Kuiweka shule mikononi mwa wakubwa wakati watoto wameondoka si jambo geni kwetu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata shule za msingi zilikuwa ndizo vituo vya kisomo, mwalimu mkuu akiwa msimamizi wa watoto asubuhi na wazazi wao jioni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kuzunguka redio, wakisikiliza kipindi, wakijadili, kisha wakienda kuchimba vyoo. Kwa takwimu rasmi, watu wazima wanaojua kusoma na kuandika walikuwa kama theluthi moja tu mwaka 1967. Kufikia 1986 walikuwa zaidi ya asilimia 90. Nguvu hizo zilipungua baadaye. Majengo yapo, na yameongezeka.

Nimeshuhudia huduma za namna hii zikianza kwa shangwe na kufa kimya kimya, na mara chache zimekufa kwa kukosa fedha. Zinakufa kwa ufunguo: nani anafungua, nani anafunga, nani anafagia kabla watoto hawajafika asubuhi. Ndiyo maana hatua ya tano hapa chini imeingia kwa undani.

Hatua ya 1: Zungukeni shule na daftari

Chagueni alasiri moja, muwe watatu: mjumbe wa kamati, mwalimu, na mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Andikeni vyumba vyenye taa inayowaka, si vyenye waya tu. Andikeni milango inayofungika, madirisha yenye nondo, matundu ya choo na umbali wake kutoka darasani, saa ambazo bomba linatoa maji. Angalieni madawati pia. Mtu mzima hakai dawati la darasa la kwanza. Magoti yanagota juu na heshima yake inashuka chini. Darasa la sita au la saba ndilo linalofaa.

Baada ya hapo orodhesheni wanaoitumia shule tayari. Hapa ndipo kamati nyingi hushtuka. Kuna kanisa changa linalosali katika darasa la tano kila Jumapili, vijana wa mpira, majirani wanaochota maji kwa kupitia tundu la uzio, watu wa harusi walioazima viti na kurudisha pungufu. Hizo zote ni huduma kwa jamii, ila hazina karatasi. Muulizeni kila mmoja mambo matatu: alipewa ruhusa na nani, anatoa nini, na ufunguo anaupata wapi. Pengine mtagundua kwamba kazi yenu ya mwaka huu si kuanzisha kitu kipya, ni kuwapa utaratibu hawa waliopo. Hiyo nayo ni kazi ya maana.

Hatua ya 2: Waulizeni watu, lakini si mkutanoni peke yake

Mkutano wa hadhara una wasemaji wake, mnawajua. Watataka kompyuta. Mama wa genge hatanyanyuka mbele ya watu kusema hajui kusoma. Mfuateni pale alipo: sokoni, kwenye foleni ya maji, kliniki ya watoto.

Na swali lenyewe lisiwe "mnataka nini?" Kila mtu anataka kila kitu. Ulizeni: "Ungekuja siku gani, saa ngapi, na mtoto ungemwacha na nani?" Majibu ya swali hilo ndiyo ratiba yenu. Pwani, kipindi kizuri kwa wanawake wengi ni baada ya swala ya alasiri, wakatoka mapema wakawahi kupika kabla ya magharibi. Kwa shule za mjini zinazoingia kwa zamu, darasa halina nafasi mpaka jioni kabisa, kwa hiyo hapo Jumamosi ni bora. Kijijini, msianze chochote msimu wa kupalilia. Watu watajiandikisha kwa adabu, halafu hamtawaona.

Hatua ya 3: Chagueni huduma moja

Moja, jamani. Shule ikianza na tano, mwezi wa tatu hakuna hata moja.

Rahisi kuliko zote ni *huduma ya mkoba*, yaani wahudumu wa zahanati kuja shuleni siku maalumu na chanjo, mizani na dawa. Shule inatoa chumba kimoja chenye kivuli, meza mbili, maji ya kunawa, na mwenyekiti wa mtaa anapitisha tangazo. Wahudumu wa afya wameizoea shule: dawa za minyoo na kichocho hutolewa hapo hapo, na chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14 na mwaka 2024 ikapanuliwa kwa wa miaka 9 hadi 14, inawafikia wengi wao shuleni. Ombi lenu kwa mganga mfawidhi ni dogo: mkija kwa wanafunzi, mje na huduma ya watoto wachanga na wajawazito siku hiyo hiyo. Wekeni tarehe moja ya kudumu, mathalani Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa sababu tarehe inayohamahama ndiyo inayowapoteza akina mama.

Darasa la jioni linahitaji subira zaidi. Msilianze peke yenu. Nendeni kwa Afisa Elimu Watu Wazima wa halmashauri, kupitia Afisa Elimu Kata, mkaulize kuhusu MUKEJA, mpango wa elimu kwa ajili ya watu wazima, na MEMKWA, mpango wa elimu kwa ajili ya watoto waliopitwa na umri wa kuanza shule. Huko mnapata mtaala na usajili wa kituo, na wanafunzi wenu wanahesabika. Mwalimu asiwe yule yule aliyesimama tangu asubuhi mbele ya wanafunzi tisini. Tafuteni mwalimu mstaafu, au kijana aliyemaliza kidato cha nne au cha sita mwenye hati nzuri ya mkono na mdomo wenye staha. Tangazo lisitaje "ngumbaru" wala "wasiojua kusoma". Liandikeni hivi: "Darasa la kusoma ujumbe wa simu, hesabu za biashara na kuandika barua. Jumanne na Alhamisi, saa 10 alasiri." Watajaa.

Darasa hili lina faida nyingine. Tangu Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, mwanafunzi aliyekatisha masomo, pamoja na msichana aliyejifungua, anaruhusiwa kurudi shuleni. Ruhusa iko kwenye karatasi; aibu iko mtaani. Msichana wa namna hiyo mara nyingi huanza kwa kumsindikiza mama yake darasa la jioni, akiwa na mtoto mgongoni, na akishazoea geti ndipo mwalimu mkuu anazungumza naye kuhusu kurudi darasani. Tandikeni mkeka pembeni kwa ajili ya watoto, na mama mmoja awe zamu ya kuwaangalia.

Maji yana neema na ugomvi wake. Ikiwa bomba ni la RUWASA, wakala wa maji vijijini, au la mamlaka ya maji ya mji, shule ni mteja. Kabla hamjauzia ndoo majirani, zungumzeni na chombo cha watumia maji au mamlaka yenyewe kuhusu bei na mita. Ikiwa ni kisima chenu, tengeni saa za majirani ambazo haziingiliani na mapumziko ya wanafunzi. Mtoto wa darasa la pili asipange foleni nyuma ya madumu ishirini.

Maktaba ya Jumamosi inafaa mahali penye chumba cha kufunga na mtu mwenye kupenda vitabu. Vitabu vya kiada peke yake havimvuti mzazi. Wekeni magazeti hata ya wiki iliyopita na vipeperushi vya kilimo na ufugaji kutoka kwa afisa ugani.

Malezi ya watoto wadogo mchana, kwa ajili ya akina mama wa sokoni, ndiyo huduma inayoombwa sana na ndiyo ngumu kuliko zote. Kituo cha kulelea watoto mchana kinasajiliwa kwa utaratibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na afisa ustawi wa jamii lazima akague kwanza. Kinataka walezi wa kudumu, chakula, mahali pa kulala na choo cha kimo chao. Kama hamjawahi kuendesha lolote, msianze na hili.

Mikutano ya siasa na vilabu vya pombe, hapana. Hiyo haihitaji aya ndefu.

Hatua ya 4: Pateni baraka kwa maandishi

Kamati ya shule ikae, ijadili, iandike muhtasari uliosainiwa. Nakala moja kwa Afisa Elimu Kata, moja kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, moja kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia ofisi ya elimu. Subirini majibu kabla ya kutangaza. Maneno ya "nilishaongea naye kwa simu" hayasaidii siku mkaguzi akikuta watu wazima arobaini darasani.

Hatua ya 5: Ufunguo, ufagio na choo

Tuanze na ufunguo. Usikae kwa mwalimu mkuu, kwa sababu akienda semina huduma imelala. Usikae kwa mlinzi peke yake, maana mlinzi wa shule nyingi analipwa kidogo sana na kwa kuchelewa, na ukimwongezea kazi bila kumwongezea kitu ataanza kufungua pale anapojisikia. Kinachofanya kazi ni hiki: kufuli la chumba kimoja tu, lililonunuliwa kwa ajili ya huduma hiyo, lenye funguo tatu. Mmoja kwa mwalimu wa zamu, mmoja kwa mlinzi, mmoja kwa mjumbe wa kamati anayeishi karibu na shule. Ofisi, stoo na madarasa mengine hayahusiki. Kando ya mlango litundikwe daftari lenye safu nne: tarehe, aliyefungua na saa, aliyefunga na saa, hali ya chumba. Safu ya mwisho ndiyo inayozuia maneno. Kioo kikivunjika Alhamisi usiku, Ijumaa asubuhi hakuna kutuhumiana. Daftari linaonyesha kwamba chumba kilifungwa kikiwa kizima.

Ufagio. Mwalimu wa darasa la sita akifika asubuhi akakuta maganda ya karanga chini, madawati yamepangwa duara na ubaoni kumeandikwa hesabu za vikoba, siku ya kwanza atavumilia. Ya tatu atakwenda kwa mwalimu mkuu, naye ana haki. Kanuni iwe moja, na isomwe kila mwanzo wa kipindi: waliokitumia chumba ndio wanaofagia, wanaopangusa ubao na kurudisha madawati kwenye mistari kabla ya kutoka. Si wanafunzi kesho yake. Watoto wasifagie uchafu wa wakubwa, na kamati isiyoweza kulisimamia hilo isifungue mlango.

Choo. Kama matundu ya wanafunzi ni machache, na mara nyingi ni machache, watu wazima watumie choo cha walimu au tundu moja litakalotengwa na kuandikwa. Ndoo ya maji na sabuni iletwe na kikundi. Hakikisheni njia ya kwenda huko ina mwanga, la sivyo wanawake wataacha kuja na hawatawaambia sababu.

Halafu umeme, ambao huzua mabishano kuliko thamani yake. Pigeni hesabu hadharani. Darasa lenye taa nne za wati 18, zikiwaka kwa muda wa saa mbili, linatumia wati-saa 144, yaani kama sehemu ya saba ya uniti moja ya LUKU. Jioni tatu kwa wiki, mwezi mzima hazizidi uniti mbili. Uniti ikiwa chini kidogo ya shilingi 400, mwezi mzima wa darasa la jioni haufiki shilingi 1,000. Harusi yenye spika kubwa na jokofu ni habari nyingine: hao wanunue uniti zao kabla, na mita isomwe wakiingia na wakitoka.

Hatua ya 6: Fedha

Ruzuku ya uendeshaji isiguswe. Kiwango ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na sehemu inayofika shuleni ni 6,000, nyingine ikienda kwenye vitabu. Shule ya wanafunzi 600 inabaki na shilingi 300,000 kwa mwezi kwa chaki, mitihani, ukarabati na karatasi. Hakuna cha kumega hapo kwa ajili ya mtaa.

Huduma za afya na kisomo ziwe bure. Matumizi ya faragha, kama vile sherehe, mkutano wa kikundi au kikao cha ukoo, yalipiwe kwa bei iliyoandikwa na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, moja kwa wote. Hapo kwenye "wote" ndipo penye kazi. Msikiti ukilipa, kanisa lilipe; diwani akitaka uwanja kwa hafla ya familia yake, alipe kama fundi seremala.

Mwalimu asishike fedha taslimu. Rais John Magufuli alipozuia michango shuleni Januari 2018 na kuelekeza anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi, walimu wengi walijifunza kuogopa noti, na sioni ubaya wake. Malipo yaingie akaunti ya shule kwa utaratibu wa halmashauri, mlipaji apate stakabadhi, mhasibu wa kata au wa halmashauri aweze kuyaona kwenye mfumo. Kila mwisho wa mwezi bandikeni karatasi moja: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Hata kama ni shilingi 15,000. Hasa kama ni shilingi 15,000, kwa kuwa mtaani itasemwa ni laki moja na nusu.

Na msimlipishe mtu kwa njia ya mgongo. "Mchango wa hiari" unaoandikwa jina la asiyetoa si wa hiari.

Hatua ya 7: Watoto kwanza

Shule ikiwa wazi, wageni wanaingia. Wengi ni wazazi wema. Kanuni hazitungwi kwa ajili ya wengi.

Vipindi vya watu wazima vianze wanafunzi wakiwa wameondoka, au viwe upande wa shule usiopitiwa na wanafunzi wanaobaki kwa masomo ya ziada. Mtu mzima hatumi mtoto dukani, hamwiti chumbani, hampi lifti ya pikipiki. Kila mgeni anaandika jina getini. Mwalimu wa malezi na unasihi awepo, au namba yake ibandikwe mlangoni pamoja na 116, namba ya bure ya simu ya huduma kwa mtoto. Uhusisheni pia Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, UWAWA, kama shuleni kwenu upo. Mama wawili wa UWAWA wakikaa chini ya mti karibu na geti, wanaona mengi kuliko mlinzi.

Lipo jambo ambalo husahaulika: uwanja. Vijana wa mpira wa jioni ni baraka, lakini wasichana wa darasa la saba nao wanautaka uwanja huo kwa netiboli. Ratiba isipoandikwa, mwenye nguvu ndiye atakayecheza.

Hatua ya 8: Jaribuni muhula mmoja, kisha kaeni mhesabu

Tangazeni toka mwanzo kwamba ni majaribio ya muhula mmoja. Mwisho wake angalieni daftari la mlangoni: wangapi walikuja wiki ya kwanza, wangapi ya nane, siku ngapi mlango haukufunguliwa na kwa nini. Waulizeni walimu kama vipindi vya asubuhi vimechelewa hata mara moja kwa sababu ya huduma ya jioni. Jibu likiwa ndiyo, rekebisheni hilo kabla ya lingine lolote. Waliokuja wakiwa saba tu lakini hao saba hawakukosa, endeleeni. Wakiwa sitini siku ya ufunguzi na wanne mwisho, tafuteni sababu kwenye saa na choo kabla ya kulaumu mwamko wa watu.

Mwisho kabisa, jiandaeni kwa uhamisho. Mwalimu mkuu mwenye moyo wa mambo haya ataondoka, pengine katikati ya mwaka, na mwenzake atakayeripoti Jumatatu atakuta watu asiowajua wana ufunguo wa darasa lake. Kwa hiyo huduma iingizwe kwenye hati ya makabidhiano ya ofisi, sambamba na madawati na vitabu: barua ya kibali, muhtasari wa kamati, majina ya wenye funguo tatu, bei zilizobandikwa, salio la akaunti na ratiba ya wiki. Mwenyekiti wa kamati abaki na nakala nyumbani kwake. Mwalimu mkuu mpya akifika, mpelekeeni hati hiyo ofisini wiki ya kwanza, mkae naye, mumsomee kipengele kwa kipengele, kisha mumkaribishe aje Jumanne saa 10 aone.